Ufunguo Wenye Jina Lako

Studio, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, hajambo shemeji, na huyo mtoto wenu mwenye mashavu kama puto? Kile kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, ila Baba amepungukiwa na usingizi na mimi nimezidi uzuri, na hilo halina dawa.

Habari nyingine si nzuri. Kaa kitako kwanza.

Ufunguo wako wa ghala la picha, ule wa kompyuta wenye jina lako, umeibwa. Najua utauliza ulikuwa bado unafanya nini. Miwani, fundi wetu wa kompyuta, alisema ufutwe tangu ulipopanda ndege. Baba akang'aka: "Mwanangu ameolewa, hajafa. Hafutwi mtu hapa." Basi tukauacha ndani ya kontena la programu ya picha, uwe unatufungulia ghala kama ulivyokuwa ukifanya mwenyewe.

Makontena haya si ya bandarini, usinicheke. Ni programu zetu, kila moja kwenye boksi lake, huko kwenye kompyuta za kukodi wanazoziita wingu. Zina ukurasa wa kuzisimamia. Ukiufungua unaona kila boksi na kilichomo, funguo pia. Ukurasa wenyewe haukuwa na neno la siri, maana Baba kila akiwekewa alilisahau. Mwizi hakuvunja kitu. Aliukuta wazi mtandaoni, akausoma ufunguo, akaingia ghalani, akabeba picha za wateja na kufuta nakala zetu. Sasa anadai alipwe ndipo azirudishe.

Kilichoniuma ni kwamba kumbukumbu za ghala zimeandika aliyefuta ni wewe. Yule mama mshonaji, tuliyempiga picha ya mwisho na marehemu mumewe, alikuja kuiulizia, akaliona jina lako kwenye kioo cha kompyuta, akasema taratibu, "Kumbe ni binti yenu."

Mimi na mdomo wangu wote huu nikatazama viatu. Baba naye akajitia kufuta lenzi ya kamera. Aliyekutetea ni Miwani, mtoto wa watu. Jioni nilimfuata mshonaji kwake nikamweleza yote. Aliitikia tu, akaendelea kushona. Nimejuta, Dada, na wewe unajua mimi na kujuta hatuelewani.

Ukurasa tumeufunga. Sasa unafunguka hapa studio tu, kwa neno la siri, na kila boksi lina ufunguo wake usio na jina la mtu, unaokufa wenyewe baada ya muda mfupi. Wako nimeufuta mimi, wataalamu aliowaita Miwani wakinitazama. Nilipobonyeza, Baba alitoka nje. Anadhani umemkasirikia. Mpigie.

Mama anawasalimu. Msalimie shemeji, na huyo Mashavu umfinye kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko.

Kwenye kompyuta haumo tena. Chumbani kwako vitu vyako viko vilevile, ila kitanda nimekichukua, na sitoki mpaka uje unitoe mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye kwa shingo upande,
Domo