Mpira wa Kona ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Tumecheza kabla ya wateja kufika kwenye kibanda chetu cha michezo ya televisheni, kama kawaida. Kabange amenishinda tena. Tangu Krismasi sijamfunga ndugu yangu hata mchezo mmoja, na sitajidai kwamba haliniumi. Linaniuma sana.

Mvua tangu alfajiri. Betri ya sola imejaa nusu. Watoto wakitoka shule watataka mpira wa miguu, hawajui kingine. Diski ya besiboli ni yetu sisi wawili tu. Ilikuja ndani ya katoni ya diski kuukuu kutoka Lubumbashi, maandishi yote ya Kijapani. Tumejifunza kwa kubahatisha. Ukizungusha gongo mapema, maneno ya manjano yanatokea juu ya mpigaji. Ukichelewa, ya buluu. Mimi kila siku ni manjano. Sina subira, Mama alinizaa hivyo.

Naandika ninachokiona kwa Kabange, nijifunze. Hapendi kitufe cha mraba, lile pigo la nguvu ninalolipenda mimi. Anatumia duara, pigo dogo la kugusa tu, mpaka amjue mtupaji. Anabonyeza mtupaji anapoinua mguu, anashikilia, mpigaji wake naye anainua mguu. Kisha anangoja. Anaachia kidole mpira ukiwa umeshafika. Na macho hayatoki kwenye mkono wa mtupaji. Mipira ya pembeni anaiacha ipite bila kutikisika. Mimi kila kinachopita nakifukuza na gongo kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Yeye anasimama tu. Namwonea wivu kwa hilo kuliko yote.

Jioni Mama ametutia dawa ya macho. Tone kwake, tone kwangu. Mwaka jana daktari alimkuta Kabange na presha ndani ya macho. Alisema dawa isikose jioni hata moja. Ikikosa, macho yanaliwa kutoka pembeni, polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Mimi siumwi. Lakini sisi ni mapacha. Mimi ni Kyungu, niliyetangulia kuzaliwa, ndiyo maana ananiita Yaya, mkubwa wake; yeye ni Kabange. Anachopewa mmoja anapewa na mwingine. Ndivyo tulivyokua.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya mazoezi peke yangu. Kuzuia gongo katikati: unabonyeza, unaona mpira unatoka nje, unaachia nusu tu. Nimeweza mara chache. Kidole gumba kinauma.

Kabange alitoka mapema na pikipiki. Yeye ni manseba, anabeba abiria kati ya stesheni na soko. Mimi nakaa hapa na manete za kubonyezea michezo, nyaya na watoto wanaogombana.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa imekwisha. Kichupa kipya kitaletwa na mgeni wa Mama kutoka Lubumbashi mwisho wa mwezi. Kila mara inakuwa hivi, tunangoja. Kabange anasema hasikii kitu chochote machoni, ni mazima.

Asubuhi jambo la ajabu. Mchezo ulikuwa karibu kwisha, mtu wake yuko tayari kukimbia, anahitaji pigo moja. Mpira ukaja polepole, kona ya chini kushoto, ndani kabisa ya kisanduku kinachoonyesha mipira ya kupigwa. Mtoto angeupiga. Kabange akauacha. Akatolewa, tukatoka sare. Nilicheka kwa sauti. Nilidhani ananionea huruma, ananiachia. Nikakasirika baadaye. Sitaki kuachiwa.

Jumatano, 12 Machi

Kabange ameanguka. Amegonga baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa karibu na reli. Hakuna aliyevunjika. Mwenye baiskeli ana jeraha la goti, Kabange amechubuka mkono wote. Mkaa ulitapakaa barabarani, watu wakamzingira wakipiga kelele. Nilikimbia mpaka pale na kandambili moja.

Anasema baiskeli haikuwepo, ikatokea tu. Watu wanasema ilikuwa wazi, ilitoka kushoto, polepole, mtu anaisukuma kwa mikono.

Mama alimshukuru Mungu, akanifunga na mimi bandeji kwenye mkono wangu mzima. Nilimwacha. Nimeizoea.

Sijisikii vizuri. Nafikiria ule mpira.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilishika manete ya pili, nikasema nitatupa mimi, yeye apige. Alifurahi. Mkono una bandeji lakini vidole vyake viko sawa.

Nilitupa juu kulia. Akapiga. Katikati, akapiga mbali sana. Kisha nikatupa kona ya chini kushoto, mpira mwepesi, umenyooka, zawadi. Hakutikisika. Nikarudia. Hakutikisika.

"Kabange, ile uliiona?"

"Ile iko ya inje, Yaya. Minyi sipigake ya inje."

Haikuwa ya nje.

Nikasimamisha mchezo. Nikamwambia aendelee kuangalia mkono wa mtupaji, asihamishe macho. Nikaenda kwenye televisheni, nikaweka kidole juu ya kioo, pale chini kushoto.

"Unaona kidole yangu?"

"Kidole gani?"

Nikakisogeza taratibu kuelekea katikati. Kilienda mbali kabla hajasema amekiona. Kilienda mbali mno. Kisha akauliza kama watoto wa shule wamekwisha kufika, wakati mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Niliyoyaandika Jumatatu ile juu ya uvumilivu wake ni upuuzi mtupu. Hakuwa anaiacha mipira. Haioni. Nami nilikaa hapa nikijifundisha upofu wa ndugu yangu.

Naogopa. Naogopa sana.

Jumatatu, 17 Machi

Hospitali. Tumengoja kwenye benchi toka asubuhi. Wamempima kwa mashine ya macho. Jicho la kushoto limeliwa vibaya, la kulia limeanza. Daktari wa macho, mama mmoja mtulivu, aliuliza kama anatia dawa. Kabange akasema ndiyo, kila jioni.

"Kila jioni kweli? Bila kuruka?"

Kabange akanigeukia. Nikajibu mimi. Nikasema dawa inakwisha katikati ya mwezi, tunangoja nyingine. Akasema haiwezekani, kichupa kinamtosha mtu mmoja mwezi mzima. Nikasema: mtu mmoja ndiyo, lakini sisi tunatia wote wawili.

Alinitazama. Akauliza kama na mimi naumwa. Nikasema hapana. Nikaanza kumweleza kwamba sisi ni mapacha, na maneno yakanikauka mdomoni. Niliyasikia jinsi yanavyosikika mle ndani, mbele ya ile mashine. Hakutugombeza. Heri angetugombeza. Alisema tu, "Dawa ni ya mgonjwa peke yake." Akampa Kabange kichupa kipya, akasema asiendeshe tena pikipiki.

Nusu ya dawa ya ndugu yangu iliingia machoni mwangu, macho yasiyo na kitu. Tangu mwaka jana. Tone kwa tone.

Jumanne, 18 Machi

Kabange amerudisha pikipiki kwa mwenyewe. Alikwenda kwa miguu akiisukuma.

Nimezungumza na Mama. Niliongea vibaya, najua. Nilisema anayaua macho ya mtoto wake. Alikuwa anapanga makayabu, samaki wa chumvi, ya kupeleka sokoni. Aliacha yote, akakaa chini.

"Wakati munazaliwa, bantu balikuya na kuku moya. Niliwarudisha. Nilisema, mulete ya pili, ao musilete. Kabange alipata surua, syrup niliwapatia bote babili. Muko bazima mpaka leo. Sasa weye unaniambia nipatie moya, mwingine nimuache? Mwingine akikasirika? Akienda?"

Pacha aliyenyimwa hukasirika, na akikasirika anaondoka duniani. Kila mama wa mapacha hapa kwetu analijua hilo. Nilisema mimi sitakasirika, ni mtu mzima, naapa. Akasema si mimi ninayeamua.

Hana ujinga. Ana woga. Sijui nifanye nini na woga wake.

Jumatano, 19 Machi

Jioni Mama alimtia Kabange, akaja kwangu. Nilifunika uso kwa mikono miwili. Alisimama pale na kichupa. Nilisikia anavyopumua. Kisha akaondoka, akakifungia kichupa kwenye sanduku lake la nguo, funguo akafunga kwenye kitenge.

Hajala. Wala sisi hatujala.

Alhamisi, 20 Machi

Leo Mama hakumtia mtu. Wote ao hakuna. Jioni imepita. Imepita hivihivi.

Nilimwambia Kabange tuvunje sanduku. Akakataa. Nikamwita mwoga. Hapo ndipo aliponiambia.

"Minyi niliyua, Yaya."

"Uliyua nini?"

"Dawa. Ile siku ya kwanza, docteur alisema iko ya muntu moya. Alisema mbele yangu."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, Mama angekuacha weye. Na kama ungekufa?"

Alisema hivyo akichezea nyaya, kama mtu anayezungumzia bei ya unga. Miezi yote ile alijua. Alikuwa anatazama tone lake likiniingia mimi, na akaona ni sawa, bora niwe hai. Nilitaka kumpiga kofi. Nilimshika shingo nikalia kwenye shati lake. Mtoto mmoja aliingia kuuliza kama tumefungua, akakimbia.

Ananikasirisha. Nampenda mpaka naumwa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetafuta njia siku mbili. Kuomba hakusaidii. Padri alimwambia Mama aache imani za zamani, akaitikia "ndiyo, mon père," akarudi nyumbani na funguo zake.

Leo asubuhi nilikuwa nakula, nikasukuma samaki wangu kwenye sahani ya Kabange. Sipendi vichwa vya samaki. Tangu utotoni nampa. Mama alikuwa anatuona. Hakusema kitu. Hajawahi kusema kitu. Samaki amegawa yeye sawasawa, wangu nampa ninayemtaka.

Nikaacha kula.

Nikamwambia Mama: usininyime. Nipatie. Vichupa viwili, kimoja cha Kabange, kimoja changu, sawasawa kabisa, mkononi. Nikishapewa, changu ni changu, nitampa ndugu yangu. Wewe hutakuwa umeninyima, na hakuna aliyeachwa.

Alifikiri mpaka chai ikapoa. Aliniuliza kama nitampa kwa moyo, si kwa kulazimishwa. Nikasema kwa moyo. Akauliza tena. Nikasema tena. Akafungua pindo la kitenge.

Kabange ametiwa leo saa ileile tuliyopewa hospitalini. Yeye peke yake. Mama hakunitazama alipokuwa akifanya. Cha pili nimeshakiagiza.

Alhamisi, 27 Machi

Kichupa cha pili kimefika. Mama amekiweka upande wangu wa kabati.

Usiku uliopita aliingia chumbani kwangu, akasikiliza kama napumua. Nilijifanya nimelala.

Jumanne, 8 Aprili

Hospitali. Presha imeshuka. Daktari amesema ikibaki hivi, kilichobaki kitabaki. Kabange akauliza juu ya upande wa kushoto, kama akiizoea dawa utarudi. Alijua jibu. Aliuliza tu. Akaambiwa hapana.

Tulirudi kwa miguu. Nilitembea kushoto kwake.

Jumamosi, 12 Aprili

Kabange anafanya kazi hapa pamoja nami sasa. Anawagawia watoto zamu, wanamwogopa kidogo, vizuri.

Anajifunza kupiga upya. Hawezi tena kuganda kwenye mkono wa mtupaji. Lazima macho yatoke, yatembee chini kushoto, yarudi, na mpira haumngoji. Anachelewa. Buluu, buluu, buluu. Nilianza kutupa katikati tu. Akajua mara moja, akaweka manete chini.

"Rusha kama zamani, ao tuache."

Nikatupa kama zamani. Nimemshinda mchezo mzima, mara ya kwanza mwaka huu. Sikufurahi. Nilikwenda nje nikatazama maji yakipita kwenye mtaro.

Jumanne, 22 Aprili

Kichupa cha Kabange kimekwisha jana.

Leo jioni Mama alinawa mikono. Akachukua changu kabatini, akaja nacho mpaka nilipokaa, akakiweka kiganjani mwangu mbele ya Kabange.

"Kyungu, hii njo yako."

Nikasema asante, Mama. Nikasema nampa Kabange. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakutoka. Alibaki amesimama mlangoni, mikono bado ina maji.

Sijawahi kumtia mtu dawa ya macho. Nilimwambia Kabange alaze kichwa nyuma. Nikamshika kidevu. Tone la kwanza lilianguka shavuni, likakimbia mpaka sikioni. Hakucheka, wala mimi sikucheka. La pili liliingia. La jicho la kulia liliingia bila taabu.

Alikaa amefumba macho. Mama akatutazama wote wawili, mmoja, kisha mwingine, kisha akaenda kuweka sufuria motoni.