Goti Limepona, Baba Neema

Mume wangu Baba Neema,

Binti yetu Neema anakuja kesho na gari la kukodi kunichukua, nikakae kwake Babati. Nguo zangu zimeshafungwa. Mdogo wako Boay atalala hapa nyumbani na kuangalia ng'ombe. Nimeona siwezi kuondoka bila kukuambia mambo yalivyokwenda tangu ulipotuacha.

Unakumbuka ugonjwa wangu ulivyoanza. Nilikuwa bado nafundisha darasa la tatu, jicho moja likaingia ukungu, kisha mguu wa kushoto ukawa kama nakanyaga pamba. Shangazi zako walisema nimerogwa. Wewe hukubishana nao, ulinipakia kwenye basi tukaenda Moshi. Kule daktari akatueleza kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, mfano wa waya uliochunwa plastiki yake. Akasema ugonjwa huo unaitwa MS, hauponi ila unatulizwa. Tukapanda basi la kurudi nyumbani. Tuliposhuka Dongobesh ukachukua begi langu, ukasema, "Basi tutaishi nao."

Na tuliishi nao miaka mingi. Niliburuta mguu wa kushoto na uzito wote nikauweka kwenye wa kulia. Nilianguka shambani, nikaanguka kanisani mbele ya watu, na kila nilipoanguka nilitua kwa goti hilohilo la kulia. Mwishowe likaisha. Ulikuwa unasikia mwenyewe mifupa ikisagana nikiinuka kitandani.

Daktari wa mifupa alisita. Alisema goti la bandia linawezekana, ila kwa mgonjwa kama mimi kupona kutakuwa kugumu, maana mguu wa kunishikilia wakati wa kupona ndio ule uliokwisha kulegea. Wewe ukamwuliza, "Daktari, atatembea?"

"Atatembea kidogo, kwa fimbo. Tukimwacha hivi, hatatembea kabisa."

Ukaniangalia. Nikakubali.

Maumivu yale ya baada ya upasuaji sikuwahi kukueleza vizuri, kwa sababu ulikuwa unayaona na sikutaka kukuongezea. Yalikuwa ya aina mbili. Ya kidonda niliyaelewa, yalikuwa mazito, yalipiga kama jino bovu, na vidonge viliyapunguza. Yale ya mishipa ndiyo yaliyonitesa. Mguu ulikuwa unaungua kama umemwagiwa maji ya moto, halafu misuli inakaza na kulikunja goti jipya bila mimi kutaka, nyuzi zikavutika nikauma shuka. Yule dada wa mazoezi ya viungo alitufundisha: "Mama, goti likiuma, endelea kidogo. Mguu ukianza kuungua na kutetemeka, acha, ulale. Na jua likiwa kali usifanye kabisa, joto linauamsha ugonjwa." Tukawa tunafanya asubuhi mapema, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Ulikuwa unashika kisigino changu kwa kiganja na kukisukuma taratibu huku ukinipa habari za gulioni, nani kauza dume lake kwa hasara, nani kagombana na nani, ili nisifikirie goti.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mimi kuchuchumaa ndiko nilikokuwa nimekatazwa. Ukachukua mbao ulizokuwa umeweka kwa ajili ya mlango wa zizi, ukatengeneza kiti chenye tundu katikati, ukakilainisha kwa msasa mpaka kikateleza. Ulipokileta ndani uliona aibu, ukaongea Kiiraqw kama kawaida yako ukiona aibu, ukasema ni kiti cha chifu. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Nafikiri ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka namna ile.

Barafu ya kupunguza uvimbe wa goti ulikuwa unaifuata dukani kwa Mama Zuhura pale Dongobesh, unaiviringisha kwenye sweta ili isiyeyuke njiani. Ngozi yangu haikuwa inasikia vizuri, na walituonya kwamba barafu inaweza kuniunguza nisijue. Kwa hiyo uliingiza mkono wako kati ya barafu na goti langu ukaukalisha hapo. Ukishindwa kuvumilia baridi, unaiondoa. Mkono wako ndio uliokuwa unasikia kwa ajili yangu.

Halafu ukaenda kuvuna maharage Masieda, na Boay ndiye aliyerudi. Alisimama mlangoni, akaanza, "Shikamoo shemeji," akashindwa kuendelea. Walisema uliinama kufunga gunia hukuinuka. Presha. Wewe uliyekuwa unanikumbusha dawa zangu hukuwahi kupima presha yako.

Siku ya kukuzika walinibeba na kiti mpaka nyuma ya nyumba. Nilikaa, watu wote wamesimama, na sikuweza hata kuinuka kutupa udongo. Neema aliuweka mkononi mwangu, nikautupa haukufika.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilijikaza. Sikujikaza. Ugonjwa ulipanda, mikono nayo ikafa ganzi, nikalala na mazoezi yakakoma. Goti likakakamaa kama mti mkavu. Neema aliomba ruhusa kazini, akajaribu kushika kisigino changu ulivyokuwa unashika, lakini alikuwa analia kila nikikunja uso, na mimi nikiona analia namwambia basi, inatosha. Mwisho akaacha kulia. Aligeuza uso ukutani, akasukuma. Nilipiga kelele nikimwita mama yangu, na hakuacha.

Ndivyo goti lilivyofunguka. Ilichukua msimu mzima wa mvua. Nilianza kutembea na fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni, kisha mpaka jikoni, na kabla ya mahindi kukomaa nilifika kaburini kwako peke yangu. Nilisimama pale hadi fimbo ikaanza kutetemeka. Nilifika. Boay aliniona kutoka zizini na hakunisogelea, akaniacha.

Nilikuja mara chache tu. Baridi ilipoisha, mguu wa kushoto ulianza kuchelewa kuitika, kisha ukanyamaza. Mwezi uliopita tulirudi kwa daktari. Akaangalia picha, akafurahi, akasema goti limepona vizuri kuliko alivyotegemea. Halafu akagonga mguu wa kushoto kwa kinyundo chake, akagonga tena, akaandika. Neema akamwuliza, akasema tuandae kiti cha magurudumu.

Basi ndiyo hivyo. Nina goti zima ambalo halina pa kunipeleka. Sijutii, maana bila hilo nisingefika kwako hata hizo mara chache. Lakini usiku ukiwa mrefu huwa nalishika, liko baridi na gumu, halina neno, na mguu juu na chini yake unaungua.

Kesho kabla hatujaondoka nimemwomba Boay anisukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka hapo ulipo. Najua ningepaswa kukupigia magoti. La chuma halikubali kugusa ardhi, na la kwangu likishuka haliinuki tena. Nitakuaga nimekaa, mume wangu. Usihesabu kuwa ni kukosa heshima.

Mkeo aliyebaki,
Mama Neema