Nilishuka mgodini kwa jina la Kabange

Jumapili, Liège. Mvua.

Mvua ya huku bado sijaielewa. Kwetu Lubumbashi mvua ikija, imekuja: inapiga mabati, inajaza mitaro, inaondoka, na watu wanarudi kwenye shughuli zao. Ya huku inanong'ona kutwa nzima. Hainyeshi, haiachi. Wenyeji wanatembea ndani yake bila mwavuli, kana kwamba hakuna aliyewaambia.

Nimeamka na woga wangu wa kawaida. Mnaonisoma hapa mnaujua. Ni woga wa karani. Ofisini kwetu tunaandaa hati za malori yanayovuka mpaka wa Mokambo, na mimi ndiye ninayezisoma mara ya mwisho kabla hazijaondoka. Nimezoea kufikiri kwamba kosa lipo, ila mimi tu sijaliona. Woga huo umesafiri nami mpaka Ubelgiji, tena bila viza.

Aliyeletwa huku hasa ni shemeji yangu. Yeye ni mhandisi, kampuni yake imemtuma kwa mafunzo, na kwa kuwa shule zimefungwa akaamua kuja na familia. Yaya, dada yangu mkubwa, alisema hawezi peke yake kuwachunga mapasa katika nchi yenye treni nyingi namna hii. Basi nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikapanda ndege nimefumba macho.

Mapasa ni watoto pacha wa yaya, wana miaka minane, na mimi ni Mama mudogo wao. Kwetu Waluba wa kaskazini ya Katanga majina yao hayachaguliwi: anayetangulia kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Kyungu wetu ni msichana, na mdomo wake haupumziki. Kabange ni mvulana. Yeye anaangalia kwanza, halafu anaangalia tena.

Mimi na Kabange tunafanana.

Wiki nzima tumetembea. Tumeona kituo cha treni chenye paa la vioo, kikubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia. Tumeona ngazi ndefu inayopanda mlima katikati ya nyumba za watu, na mama mmoja mzee akiipanda na mfuko wa viazi bila kuhema. Tumekula keki zao za moto mpaka sukari ikatuganda vidoleni. Lakini kilichonikaa kichwani ni vilima. Vimesimama pembeni ya jiji, vimechongoka, vimejaa miti. Kyungu ndiye aliyeviona kwanza, tukiwa kwenye basi.

"Papa, hii mulima nani aliitengeneza? Iko sawa ile ya kwetu!"

"Ni ileile," shemeji akamjibu. "Ni terril. Takataka ya mu mine, banaimwanga pale miaka na miaka."

"Ya kwetu iko nyeusi, haina hata jani moja. Hii banaimwangiaka maji?"

Shemeji alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali nililokuwa nalo. Sikujua kwamba mlima wa taka za mgodi unaweza kuota miti. Nilidhani unabaki mweusi milele.

Hivyo ndivyo safari ya leo ilivyozaliwa. Shemeji alituambia kuna mgodi wa zamani wa makaa ya mawe nje kidogo ya jiji, siku hizi watalii wanashushwa chini kuutazama. Tangu hapo Kyungu hakuuliza kitu kingine. Kambo, babu yetu mimi na yaya, alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi. Mapasa hawakumkuta, lakini picha yake iko sebuleni kwa mama yetu, mtaani Kampemba, na Kyungu ameisalimia tangu alipojifunza kusema.

Mimi nilimkuta. Nilikuwa namwogopa. Kambo alipiga kelele hata akiomba chumvi. Akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Na ukimuuliza kule chini kukoje, alikuwa na jibu moja: "Kazi." Basi.

Kwa hiyo mimi pia nilitaka kujua. Niseme ukweli: nilitaka kujua, lakini kwa kusimuliwa.

Kabla sijaendelea lazima nieleze sheria ya mapasa, maana si kila nyumba imebarikiwa nao. Unachompa mmoja, unampa na mwenzake. Viatu kwa huyu, viatu kwa yule. Ukimkemea mmoja, mtafutie na wa pili kosa lake. Anayenyimwa huugua. Mama yetu hupiga simu kila siku kutoka Kampemba, na kabla hajauliza habari za Ulaya anauliza kama wamekula sawasawa. Sisi ni Wakatoliki tangu enzi za Kambo. Mambo hayo hatuyaamini.

Lakini pia hatuyajaribu.

Shemeji alikuwa na kazi ya kumaliza na wenzake, kwa hiyo tulienda wanne: yaya, mapasa na mimi. Tulipewa makoti ya bluu na kofia ngumu. Kiongozi wetu alikuwa binti mwenye nywele nyekundu, mpole, anayezungumza polepole. Alitupeleka mpaka kwenye kizimba cha chuma kinachoteremsha watu. Sakafu yake ina matundu, na katika matundu huoni kitu ila giza likikutazama.

Kabange aliangalia. Akaangalia tena. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji.

"Miye sishuke."

"Kabange, kuya," dada yake akamwita aje, ni lifti tu ya kawaida. "Iko paka ascenseur."

"Ascenseur haina matundu."

Binti yule akainama, akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba si tatizo hata kidogo, kijana abaki na mama yake, msichana ashuke na sisi wengine. Kwake lilikuwa jambo jepesi. Nikaanza kupanga sentensi ya kumweleza, sentensi ndefu yenye bibi na homa na viatu, lakini kilichotoka kinywani mwangu ni: "Ni mapacha, madame."

"Wanapendeza sana," akajibu.

Yaya alishafunga shauri. "Basi, hakuna mwenye atashuka. Tutaenda kunywa chocolat."

Kama Kyungu angelia, ningejua la kufanya. Hakulia. Alivua kofia yake, akaifuta kwa mkono wa koti ingawa ilikuwa safi, akamrudishia binti yule na kusema merci madame, kama mtu mzima aliyekosa kazi. Nyuma yetu familia nyingine ilikuwa inasubiri zamu. Baba yao alikohoa kidogo.

Ndipo nikasikia mtu anasema: "Yaya, miye njo nitashuka mu fasi ya Kabange."

Alikuwa mimi.

Yaya alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akanikumbusha ngazi za umeme za kituo cha treni. "Weye? Weye mwenye ulipanda ngazi yote ya gare juu ya kuogopa escalator?"

"Njo miye."

"Na tena hauko pasa. Utashuka mu fasi yake namna gani?"

Aliyetatua ni Kabange mwenyewe, akiwa bado amekaa chini. "Anaweza," alisema. "Nitamupa jina."

Aliinuka. Akanivua kofia yangu, akanivisha yake, ikakaa juu ya nywele zangu kama kikombe juu ya mpira. Alikuwa na uso wa mkuu wa ofisi anayekaribia kwenda likizo.

"Kule chini unaitwa Kabange. Mutu akiita Mama mudogo, usiitike. Kila kintu Kyungu anapata, na weye unapata. Kyungu akigusa, unagusa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nitakuuliza byote."

Yaya alijitahidi kubaki na hasira, akashindwa. "Homa ikimushika leo, weye njo utamuelezea Mama ku téléphone. Miye sitakuwako."

Binti wa nywele nyekundu hakuelewa neno, lakini alimrudishia Kyungu kofia, akanibadilishia ile ndogo ya Kabange kwa nyingine inayofanana nayo, ya saizi yangu. Mlango ukafungwa.

Siwezi kuandika vizuri kuhusu kushuka kwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Najua kulikuwa na upepo kutoka chini na harufu ya chuma kilicholowa. Najua mkono wa Kyungu ulikuwa mkononi mwangu, au wangu mkononi mwake.

"Kabange, fungua macho. Tumefika."

Nilifungua.

Sitadai kwamba woga uliisha. Ulishuka nami. Lakini kule chini udadisi ulikuwa umekaa mbele na woga nyuma, kama watu wawili kwenye baiskeli moja, na mwenye kushika usukani hakuwa woga.

Kulikuwa na njia yenye reli ndogo. Kulikuwa na mahali ambapo mwamba umeshuka sana, na binti yule alisema watu walichimba pale wamelala ubavu, siku nzima. Ukutani kulikuwa na picha ya wachimbaji wametoka kazini, nyuso nyeusi tititi, macho na meno tu.

"Habo bantu ni ba kwetu?" Kyungu aliniuliza.

Nilimtafsiria kiongozi. Akasema hapana, ni watu wa hapa hapa, na wengine walitoka Italia na Polandi.

"Bazungu njo balikuwa banachimba?"

"Ndiyo."

"Na chef alikuwa nani?"

Nikamtafsiria kiongozi: mkuu wao alikuwa nani? Akajibu: "Wazungu wengine."

"Aaah," akasema Kyungu. "Kumbe."

Na mimi kimoyomoyo nikasema kumbe. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Nimekariri mito ya Ubelgiji na wafalme wake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mzungu naye alitambaa kwa tumbo gizani akamtafutia mwingine mali. Kwetu, katika masimulizi yote ya mgodi, Mzungu amesimama juu na kofia safi. Nilibaki nikiitazama ile picha mpaka Kyungu akanivuta.

Aligusa ukuta wa makaa kwa viganja viwili. "Kabange, na weye." Nikagusa. Ulikuwa baridi na laini kuliko nilivyotarajia.

Halafu binti yule akatuonya tuzibe masikio, akawasha mashine ya kuchimbia kwa muda mfupi tu. Sina neno kwa sauti ile. Haikuingia masikioni, iliingia menoni. Alipoizima, midomo ya watu ilicheza na mimi sikusikia kitu. Kisha nikaanza kusikia, na nilichosikia ni watu wote wanapiga kelele bila kujua, akiwemo mtoto aliye pembeni yangu.

"KABANGE! UNASIKIA?"

Ilikuwa sauti ya Kambo. Si yake Kyungu, ni ya Kambo kabisa, ile ya kuomba chumvi. Huyu alikuwa ameisikia mashine kwa muda wa kupumua mara chache. Yule aliishi nayo mpaka akastaafu. Tulijua hasikii vizuri, tukasema ni uzee. Utoto wangu wote nilikuwa namkimbia mtu aliyekuwa anaangalia tu kama tunamsikia.

"Nasikia," nikamjibu. Nikarudia kwa kelele, ili afurahi.

Tuliporudi juu, Kabange alikuwa amesimama kwenye chuma cha kizuizi, mama yake amemshika kola. Hakunisalimu. Alitazama viganja vya Kyungu, vyeusi, akatazama vyangu, vyeusi pia, kisha akaichukua mikono yangu na kusugua viganja vyake juu yake mpaka vikafanana na vya dada yake. Ndipo akaridhika.

"Sasa niambie. Nilifanya nini kule chini?"

Nilimwambia. Ilichukua safari yote ya basi. Hakutaka muhtasari. Alitaka kujua alishika nini, maji yalidondoka wapi, alisimama upande gani wa picha.

"Nililia?"

"Haukulia. Macho ilitoka tu maji kidogo, mu ascenseur."

"Alinifinya mukono!" Kyungu akaingilia. "Angalia, iko alama!"

Kabange aliitazama alama ile kwa makini. "Pardon, Kyungu," akasema. Aliniombea msamaha wangu, akaumaliza, na tukaendelea.

Jioni tulipika bukari, ugali wetu, kwa unga ambao yaya alikuja nao kutoka nyumbani. Mama, aliyekuwa ameambiwa jana kuhusu mgodi, alipiga simu kama kawaida. Nilisikia swali lake toka upande wa pili wa meza: "Bameshuka bote?"

Yaya alinitazama. Aliweka kiganja kwenye paji la Kabange, akakiacha pale kidogo, akakitoa.

"Bote, Mama," akasema. "Bote babili."

Shemeji aliporudi, Kabange ndiye aliyesimulia. Kyungu alimwachia, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alisimulia matundu ya sakafu, upepo wa kutoka chini, Wazungu waliolala ubavu, makaa laini. Alisema aliogopa sana, sana kabisa, macho yakatoka maji, lakini alifika. Alisema hivyo kifua mbele. Ulikuwa woga wangu, neno kwa neno, na baba yake alikuwa anamsikiliza mdomo wazi, tonge limesimama mkononi.

"Na Mama mudogo?" shemeji akauliza. "Yeye aliona nini?"

Kabange hakufikiri hata kidogo.

"Mama mudogo alibakia kule yulu. Alikuwa anaogopa."

Yaya alicheka mpaka akashika meza. Kyungu alinitazama kuona kama nitabisha. Sikubisha. Nilimega bukari yangu.

Watoto sasa wako kwenye mswaki, wanagombania nani ateme kwanza. Mimi niko dirishani na swali ambalo sikuja nalo huku. Huyo Mama mudogo aliyebaki juu kwa sababu ya woga, kesho nimrudie, au nimwache akae huko huko?