Friji ya Chanjo Iliyosema Digrii Nne

Mama Akech, usinipigie. Soma kwanza.

Friji ya chanjo hapa kliniki imeharibika tangu Jumatatu. Kompyuta ilionyesha digrii nne kila asubuhi, nami nikaandika nne kitabuni. Leo nesi ameniambia chupa hazina baridi. Nimegusa. Hazina.

Nikamwita Otiende, fundi aliyetuwekea dreva, ile programu inayosoma kipimajoto. Akaangalia, akacheka kidogo. "Dreva haikuwaka, madam. Ikishindwa inaonyesha nne."

"Inaonyesha nne? Kwa nini isiseme imeshindwa?" nikamuuliza.

"Nilitoa zile alama nyekundu za hitilafu, nikaweka nne. Manesi walikuwa wananisumbua na simu."

Wanamsumbua. Ameiziba mashine mdomo ili yeye apumzike.

Nikamwambia, "Hata mimi na diploma yangu najua kifaa kisipoamka unasema hakijaamka. Wewe ulisomea wapi?" Akasema eti, "Sasa utaniripoti?"

Nimesharipoti. Jina langu nimeliweka juu ya lake, kwa sababu ni mimi niliyeandika nne siku zote hizo bila kuigusa friji.

Akech alichanjwa Jumanne. Ndiyo, kwa chanjo hizo hizo. Daktari anasema hazitamdhuru, ila huenda hazimkingi, kwa hivyo atachanjwa tena. Mlete kesho saa mbili asubuhi. Otiende atakuwa mlangoni, akiwaeleza kina mama kwa mdomo wake mwenyewe. Mwambie lolote unalotaka.

Ukimaliza naye, njoo ndani useme na mimi.