Upande wa Dirisha

Mbale

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote, mguu unaendeleaje? Na Baba, bado anabishana na redio? Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu, ila moyo umechafuka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungepanda gari la kwanza kutoka Walukuba na mguu huo huo.

Unajua tunajenga nyumba za askari magereza hapa Mbale, zile ambazo kaka Wafula ameahidiwa moja. Kazi yangu ni kupiga hesabu ya joto: nyumba itapata moto kiasi gani, hewa itapita vipi, umeme utaliwa kiasi gani. Tunatumia njia fupi. Unaipa kompyuta ukubwa wa kuta, bati, madirisha na idadi ya watu, nayo inaichukua nyumba nzima kama chumba kimoja. Hesabu ikatoka safi. Injinia akafurahi, hata soda akaninunulia.

Halafu nikakumbuka pazia letu la kule kambini. Chumba kimoja, familia mbili, pazia katikati. Aliyetangulia anachukua upande wa dirisha, mgeni anasukumwa nyuma. Nikampigia Wafula kumwuliza kama siku hizi mambo yamebadilika kambini. Akacheka. "Dada, nini imebadilika? Hata hiyo nyumba mpya, sisi nagawana na sajenti. Yeye iko kwa dirisha, mimi na bibi yangu nalala nyuma."

Nyuma, Mama! Na wifi yangu ana pumu, na siku zake za kujifungua zinakaribia.

Nikarudia hesabu, safari hii nikaigawa nyumba sehemu mbili, pazia katikati. Upande wa nyuma ukawa tanuri. Dawa yake si kubwa: dirisha moja kwenye ukuta wa nyuma, na dari chini ya bati. Nikampelekea injinia. Akavua miwani, akasema, "Madam, sheria nasema nyumba moja, familia moja. Sasa wewe naleta pazia kwa kompyuta?"

Nikamwambia pazia lipo, nimelala nyuma yake utoto wangu wote.

"Basi hiyo ni shida ya afande mkubwa, si yetu. Weka saini kwa hesabu ya kwanza. Watu ya bati nangojea."

Sijaweka. Tangu hapo hanisalimii, na nasikia anatafuta mtu mwingine wa kukalia meza yangu. Naogopa, Mama. Kazi hii niliitafuta kwa machozi, wewe ndiwe shahidi. Wafula mwenyewe ananisihi nisimcheleweshee nyumba. Anasema heri nyuma ya pazia kuliko kupanga mjini. Namjibu nini? Mnyonge hana haki, najua, lakini mtoto huyo hata pumzi ya kwanza hajavuta.

Nisalimie Baba, na shangazi muuza samaki. Na yule mama tuliyegawana naye chumba, aliyekuwa akilikunja pazia kila mchana ili upepo utufikie na sisi, mwambie sijamsahau.

Kesho injinia ataniita tena, nami nitakataa. Nakuomba umwite wifi aje ajifungulie kwako. Mimi nikifika mlangoni na sanduku langu, usiniulize mengi. Kitanda cha dirishani mpe yeye. Mimi nitalala nyuma, nimezoea.

Mwanao anayekuwaza,
Nambozo