Anayefagia Shamba Mchana

Newala, 9 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Unaendeleaje, na mkono je? Mimi huku ni mzima, ila baridi ya asubuhi imenibana kifua kidogo. Kaka Ladislaus aliniambia kwenye simu kwamba tangu ule ugonjwa wa kupooza maneno bado yanakataa kutoka mdomoni, lakini mkono wa kushoto umeanza kushika kalamu. Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Basi tuandikiane, Mama. Barua zangu nitampa Jafari, gari lake linashuka Masasi kila mara. Za kwako mpe yeye pia.

Sasa habari za shamba la bondeni. Nataka uzisikie kwangu kabla hujazisikia kwa majirani. Mwaka huu sijachoma moto, na sijakatua kwa jembe. Naima, yule bibi shamba wa kata, ametufundisha kuchimba shimo pale tu mche unapokaa, kutia mboji na samadi ya mbuzi, halafu kuufunika udongo wote kwa majani makavu ili jua lisiuone. Katikati ya nyanya nimepanda kunde zitambae. Udongo wetu umechoka, Mama. Mwaka jana wewe mwenyewe ulisema mchicha unatoka umekonda kama mtu wa homa.

Najua utakasirika. Ulikuwa unalifagia shamba lile kama tunavyofagia chini ya mikorosho, mpaka mtu anaona haya kulikanyaga. Nakuomba unipe msimu huu mmoja tu.

Msalimie kaka na wifi Violet.

Mwanao,
Anjelina


Masasi, 20 Juni 2024

Mwanangu Anjelina,

Marahaba. Mimi nipo. Mkono wa kulia haupo, mguu wa kulia haupo. Violet ananigeuza kitandani kama gunia la muhogo, lakini ananigeuza kwa adabu. Uji ananipa, mafuta ananipaka. Sina neno naye. Mwandiko huu usiucheke.

Shamba umelifanya jalala. Nyoka watalala humo. Umeandika majani makavu. Hukuandika kwamba kwenye tuta la bamia, lile la upande wa chemchemi, umechanganya na mabua ya mtama. Yatoe. Hayo ndiyo yanayoita mchwa.

Na nyanya chungu umezibananisha mno.

Kifua chako kichue kwa mafuta ya nazi.

Mama yako


Newala, 1 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, asante. Natumaini na wewe umeamka salama.

Barua yako niliisoma nimesimama pale pale kwenye gari la Jafari. Mama, nani alikuambia habari za mabua? Sikumwambia mtu yeyote. Jafari hajawahi kushuka bondeni. Nilikimbia kwenda kuangalia, na kweli mchwa walikuwa wameshaanza. Nimeyatoa yote.

Lakini kuna jambo jingine. Juzi nilipanda juu nyumbani kula. Niliporudi, tuta la bamia lilikuwa limefagiliwa. Halikupekuliwa na kuku wala kuparuliwa na nyani. Lilikuwa na mistari ya ufagio toka mwanzo hadi mwisho, na majani yamekusanywa virundo vidogo vidogo pembeni, juu ya kila kirundo jiwe ili upepo usichukue. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayeweka jiwe juu ya takataka, na mtu huyo yuko kitandani Masasi.

Niliwauliza wanawake wanaoteka maji. Hawakuona mtu. Pili alisema, "Si nilikusikia wewe ukifagia? Nikashangaa, huyu anafagia jua lote hili!"

Miche ya bamia imeungua kwa kukaa wazi. Nikafunika upya. Jana tuta lilifagiliwa tena, na la nyanya pia.

Je, kuna mtu umemtuma? Niambie tu, sitagombana naye.

Mwanao,
Anjelina


Masasi, 6 Julai 2024

Anjelina mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia kifua kimepona.

Sijamtuma mtu. Nakuja mwenyewe.

Nikishakula mchana usingizi unanichukua, na nikifumba macho nakuwa nimesimama kwenye njia ya kushukia bondeni. Usiseme ni ndoto. Ndotoni mtu haumwi kiuno. Nashuka kwa miguu yangu yote miwili. Udongo naujua kwa nyayo. Nafagia mpaka roho inatulia, kisha nasikia Violet ananiita kwa mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, narudi.

Violet ameniosha kucha mara mbili akiuliza udongo mweusi huu nimeupata wapi, maana uwanja wao ni mchanga mtupu. Nilimtazama tu. Hiyo ndiyo faida ya kukosa sauti.

Usimwambie kaka yako. Ataleta watu wa maombi, baada yao waganga, na nyumba ni ndogo.

Wewe acha kurudisha takataka ninazotoa.

Mama yako


Newala, 19 Julai 2024

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Najua umeamka na umekunywa uji, Ladislaus amenihakikishia.

Jumatano sikupanda kwenda kula. Nilikaa pembeni chini ya mkorosho nione. Jua lilikuwa kali, hakuna hata upepo wa kutikisa jani la kunde. Nikasikia: shwaa. Kimya. Shwaa. Kwenye tuta la nyanya chungu majani yakaanza kusogea. Ufagio ulikuwa umelala miguuni pangu, Mama, nilikuwa nauona. Majani yalikuwa yanakwenda yenyewe, fungu kwa fungu, na nyuma yake udongo unabaki na mistari.

Pili alikuwa chemchemini. Alitazama, akaacha ndoo yake, akapanda mlima bila kuniaga.

Niliogopa. Nikisema sikuogopa nitakuwa naongopa. Ila nilikuwa na hasira pia, maana ile miche niliikuza kwa maji ya kichwani. Nilikuwa nataka kusema neno, mara simu ikalia. Ladislaus, analia kama mtoto. "Dada, Mama haamki! Tumemwita, tumempaka maji usoni, pumzi inakuja moja moja!"

Ndipo nikaligeukia tuta nikapiga kelele, "Mama, rudi! Rudi kwa Ladislaus!"

Majani yakasimama. Kwenye simu nikamsikia Violet anasema, "Kafumbua macho!"

Mama, kila unapokuja huku unakiacha kitanda kile mbali zaidi. Usije tena, nakuomba. Mchana ukae macho. Siwezi kulima shamba huku najua linaniulia mama.

Kaka anadhani nilikuwa napiga kelele kwa uchungu. Sijamwambia kitu.

Mwanao,
Anjelina


Masasi, 25 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika.

Nimekaa macho kama ulivyotaka. Violet ananitoa barazani baada ya chakula, usingizi ukija najifinya paja la kushoto. Daktari amefurahi, anasema presha imeshuka. Ladislaus amefurahi. Kila mtu hapa amefurahi. Mimi natazama mbuzi wa jirani wakitafuna mifuko ya plastiki. Kucha zangu ni safi.

Nikwambie jambo moja. Siku ile uliponiita, nilikuwa nimetia mkono chini ya takataka zako ili niziinue. Kulikuwa na ubaridi kama chini ya mtungi. Nyungunyungu walikuwemo, wanono. Kwenye shamba lile, kiangazi, sijawahi kumwona hata mmoja. Nilikaa nao kidogo. Kisha nikaanza kuyarudisha majani niliyokuwa nimeyatoa. Wewe ulikuwa umekaa mbali, ukadhani nafagia.

Ndipo ukaniita.

Nyanya zikoje?

Mama yako


Newala, 3 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikosesha raha, nimeisoma na kuirudia.

Nyanya zimebeba mpaka naziwekea miti. Mabustani ya wenzetu huko bondeni yamekauka yote, na huku juu mjini maji yanauzwa kwa dumu kama kawaida. Mimi nateka nusu ya maji niliyokuwa nateka zamani. Ukifunua majani asubuhi, udongo una unyevu utadhani kulinyesha. Pili amerudi. Hapiti karibu na matuta, anasimama njiani, lakini ameniomba nimfundishe mboji.

Tumezungumza na Ladislaus. Nataka nije nikuchukue, urudi nyumbani. Chumba nimekipiga lipu. Vijana watakubeba kwa kiti hadi bondeni, utakaa kivulini, utaona kila kitu, na utaniamrisha kwa mkono. Hutahitaji kulala ndipo uje. Sema tu ni lini.

Mwanao anayekungoja,
Anjelina


Masasi, 8 Septemba 2024

Anjelina,

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwa nyanya. Usije kunichukua.

Nimelifikiria jambo hili siku zote nilizokaa barazani. Mkinibeba kwa kiti, nitakuwa gunia bondeni kama nilivyo gunia Masasi. Mwili ukishakuwa pale pale shambani, mimi nitatoka kwenda wapi? Uacheni huku na Violet. Mimi nije kwa njia yangu. Sitafagia tena. Nitafunika.

Hatari ninaijua kuliko wewe. Ni mimi ninayerudi, na kila safari njia ya kurudi inakuwa ndefu. Lakini nimezoea kazi tangu utoto wangu. Kukaa ndiko nisikokuweza.

Nina ombi moja, na ni zito. Siku nikichelewa, Ladislaus akikupigia, usiniite.

Usinijibu kwa barua, maana siku hizi Violet ndiye anayenifungulia bahasha. Ukikubali, kata majani uyaweke pembeni ya kila tuta. Nitayaona. Usipoyaweka nitarudi kukaa barazani, na sitakulaumu, neno la mama yako.

Mama


Newala, 27 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo Mama. Leo sikuulizi hali.

Uliona mwenyewe kwamba nilikaa siku nyingi bila kuweka majani. Nilikuwa nafika bondeni na mundu, nasimama, narudi nao. Halafu Violet alinipigia, hakuwa na shida, alitaka tu kuniambia kwamba umeacha kula vizuri na kwamba kutwa unatazama mikono yako. Kesho yake nikakata majani, nikayapanga pembeni ya kila tuta, na mchana ulipofika nikakaa.

Ukaja.

Sikuwa na hofu tena, ama ilikuwepo nikaizoea. Mimi nilianzia juu na miche ya kabichi, wewe ulianzia chemchemini. Nilipanda mche, majani yakausogelea shingoni yakatulia, yasiubane. Siku zilizofuata nilikupigia soga zote, harusi ya jirani Dastani, bei ya korosho, ming'oko, vile viazi vya porini, niliyochemsha. Hukujibu. Ila siku ile nilipochanganya mabua ya mtama tena kwa kusahau, bua moja lilichomoka likaangukia njiani, nikacheka mpaka Pili akanichungulia kutoka juu. Aliona mtu mmoja anacheka peke yake na matuta yanafunikwa. Hakukimbia safari hii. Alijifunga khanga vizuri kichwani akaenda zake taratibu.

Jana simu ililia. Nilikuwa na mche mkononi. Nikaona jina la kaka.

Iliita ikakatika. Ikaita tena. Mama, mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikatazama tuta la pili, majani yanakwenda, konzi baada ya konzi, bila haraka, kama mtu anayeijua kazi yake na hataki kushikwa mkono. Nikafunga mdomo. Nikaiweka simu ndani ya ndoo tupu, nikaifunika kwa khanga yangu, nikapanda mche uliofuata. Ikawa inalia humo ndani kama nyuki. Machozi yaliniziba macho, nikawa napanda kwa kupapasa.

Tulimaliza tuta lile. Tukamaliza na lingine. Jua lilipoegemea ukingo wa mlima nikaitoa simu nikapokea.

Ladislaus alisema, "Dada, ulikuwa wapi? Mama ametutoka. Ametutoka mchana, hata sahani hazijatolewa." Kumbe jana, hata simu ilipoita mara ya kwanza, hakunipigia nikuite. Alinipigia kunipa habari kwamba umeshaondoka.

Sikumwambia kwamba wakati wote huo tulikuwa kazini. Amenilaumu kwa kutopokea, na lawama nimeikubali.

Wanakuleta kesho. Violet aliuliza uvikwe nini, nikamwambia kitenge cha kijani. Nyumbani uwanja umejaa watu, wanawake wanapika, wajomba wanabishana kuhusu gari. Nimewatoroka kidogo nimeshuka kuandika hii. Jafari hana wa kumpelekea, lakini mimi na wewe hatuna njia nyingine ya kuongea.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilikata majani nikayapanga pembeni ya tuta la mwisho, kwa mazoea tu. Sijui kama nimefanya vema. Sasa ni mchana, hakuna upepo, na wakati naandika mstari huu majani yameanza kupungua.

Mwanao,
Anjelina