Maziwa ya Kwanza ya Evaline

Usevya, 3 Februari 2025

Mwanangu Evaline,

Nakusalimu wewe na Innocent mumeo, na mama mkwe wako Generosa mpe pole ya kazi. Huku baba yako mzima, goti tu. Maiko mdogo wako yuko majarubani kwenye mpunga. Bibi yako Scolastica anakula na kugomba, ndiyo uzima wake. Mimi nipo, ila silali. Simu imeingia maji, ndiyo maana nampa barua Simon, konda wa basi la Mpanda.

Simon kaniambia kliniki wamekukataza chai ya sukari, na wali wanakupimia. Mimba ya miezi minane! Mtoto atakua na nini? Baba yako anasema daktari ana bustani ya mchicha, anatafuta wateja. Mimi sicheki. Nimesikia tumbo ni kubwa, nikamshukuru Mungu. Nijibu.

Mama yako Lucia

Mpanda, 10 Februari

Mama, shikamoo. Baba na bibi pia shikamoo zao. Maiko hajambo? Sisi wazima.

Mama, tumbo ni kubwa kwa ajili ya sukari. Imezidi kwenye damu yangu tangu nipate mimba hii, inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto. Mwili wake unatoa insulini nyingi ya kuituliza, naye ananenepa kupita kiasi. Akizaliwa, kitovu kikikatwa, sukari yangu haimfikii tena, lakini insulini yake bado nyingi. Sukari yake inaweza kushuka ghafla, akatetemeka, akalegea, hata tukampoteza. Nesi anasema anyonye ndani ya saa ya kwanza, na apimwe.

Shida ni mama mkwe. Anasema maziwa ya kwanza ni machafu, yakamuliwe, mtoto apewe maji ya vuguvugu mpaka yatoke meupe. Naogopa kumbishia.

Mwanao Evaline

Usevya, 21 Februari

Evaline mama,

Wote hawajambo. Barua imefika leo.

Kabla yako nilimzaa Salvatori. Mnene, watu walikuja kumtazama. Maziwa ya njano tukayamwaga, ndivyo tulivyofundishwa. Jioni akatetemeka, tukamfunika tukidhani baridi. Hakuamka. Wakasema kijicho. Sijui kama ilikuwa hiyo sukari, hakuna aliyempima. Kutetemeka huko nakujua.

Hapa mpe Generosa asome. Mwenzangu, mjukuu ni wetu sote. Mila hiyo hata mimi niliifuata, na kaburi liko nyuma ya nyumba. Mtoto akitoka apewe titi, maji msimpe. Ukikasirika, nikasirikie mimi, binti mwache.

Evaline, Simon anasema jana kasikia umepelekwa hospitali. Basi linapiga honi, nami sijui barua hii itakukuta kabla au baada ya kujifungua. Usingoje kuandika vizuri. Yeyote anayekuja Usevya mwambie aniambie tu kama mtoto amenyonya. Niko hapa barabarani, fanya upesi.

Mama yako